Peremende Zisizolika: Kazi, Ukosefu na Hamu ya Yaliyopita katika Historia ya Mapambo ya Krismasi ya Kioo kutoka Lauscha, 1848–2021

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa mapambo yanayotundikwa kwenye mti wa Krismasi katika nyumba za Ujerumani na Marekani yamo yale yenye maumbo ya vyakula vitamu: pipi yenye mistari myekundu na myeupe, keki ndogo iliyopambwa kwa krimu, biskuti ya tangawizi, koni ya aiskrimu, na peremende iliyosokotwa ndani ya karatasi yake. Mapambo hayo hutengenezwa kwa kioo chembamba kinachopulizwa kwa pumzi ya mtu, kisha hupakwa fedha kwa ndani na kutiwa rangi kwa nje kwa brashi ya mkono. Wauzaji huyanadi kama kumbukumbu za utoto. Hayaliki wala hayayeyuki, na yakianguka huvunjika vipandevipande.

Insha hii inachunguza swali moja: kwa nini kitu ambacho asili yake ilikuwa kuliwa kiligeuzwa kuwa kitu kisichoweza kuliwa, na katika mageuzi hayo ni nani aliyekumbukwa na nani aliyesahauliwa? Hoja inayojengwa hapa ni kwamba pambo hili limesimuliwa kwa nyakati mbili kama jibu la aina mbili za ukosefu. Simulizi ya karne ya 19 inalieleza kama jibu la ukosefu wa chakula, ilhali simulizi ya mwishoni mwa karne ya 20 inalieleza kama jibu la ukosefu wa wakati uliopita. Kati ya simulizi hizo mbili kuna kazi ya familia maskini za milimani katika eneo la Thüringen, kazi ambayo simulizi zote mbili huipita kimyakimya.

Mjadala unaongozwa na mawazo ya wataalamu wawili. Kopytoff (1986) anapendekeza kwamba kitu kinaweza kuandikiwa wasifu kama anavyoandikiwa mtu, kwa kufuatilia jinsi kinavyoingia katika hali ya kuwa bidhaa na kutoka katika hali hiyo. Boym (2001) anabainisha hamu ya yaliyopita ya namna mbili: ile inayotaka kuyajenga upya yaliyopotea kana kwamba hayakupotea, na ile inayoyatafakari huku ikikubali kwamba hayarudi. Inafaa kukumbuka kwamba dhana yenyewe ilianza kama jina la ugonjwa: Johannes Hofer aliibuni katika tasnifu yake ya udaktari huko Basel mwaka 1688 ili kueleza maradhi ya watu waliokuwa mbali na kwao. Safari ya dhana hiyo kutoka kitanda cha mgonjwa hadi rafu ya duka ni sehemu ya historia inayoelezwa hapa.

2.0 Mti Uliolika

Kabla ya kioo, mapambo ya mti yalikuwa chakula. Maelezo ya mwaka 1605 kutoka Strasbourg yanataja misonobari iliyosimamishwa sebuleni na kutundikwa waridi za karatasi za rangi mbalimbali, matofaa, kaki nyembamba, karatasi za dhahabu na sukari. Katika orodha hiyo, vitu vingi ni vya kuliwa. Katika baadhi ya sehemu za Ujerumani mti huo uliitwa kwa jina lenye maana ya mti wa sukari, na sikukuu zilipokwisha, kwa kawaida tarehe 6 Januari, watoto waliruhusiwa kuupora. Mti ulimalizikia tumboni mwa watoto. Thamani ya pambo ilitokana na ukweli kwamba lingetoweka.

Utaratibu huo ulikuwa na mantiki mahali ambapo sukari ilikuwa adimu. Mwanzoni mwa karne ya 17 sukari ya miwa ilikuwa anasa iliyotoka mbali, na kuitundika mtini ilikuwa njia ya kuionyesha kabla ya kuila. Mintz (1985) ameonyesha, kwa kutumia zaidi mfano wa Uingereza, jinsi sukari ilivyoshuka kutoka meza za wakuu hadi vikombe vya wafanyakazi. Nchini Ujerumani mteremko huo ulichukua njia nyingine. Mwaka 1747 mwanakemia Andreas Marggraf alithibitisha kuwa kiazisukari kina sukari ileile iliyomo ndani ya muwa, na mwanafunzi wake, Franz Achard, alianzisha kiwanda cha kuisindika huko Silesia mwanzoni mwa karne ya 19. Kufikia mwisho wa karne hiyo Ujerumani ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa sukari ya viazisukari duniani.

Ulinganifu wa nyakati hizi una umuhimu. Pambo la kioo lilisambaa katika karne ileile ambayo utamu ulikuwa unashuka bei. Kadiri sukari ilivyozidi kuwa ya kawaida, ndivyo ilivyopoteza uwezo wake wa kuifanya sikukuu iwe sikukuu. Kioo kiliweza kuchukua nafasi hiyo kwa sababu kilidumisha mng'ao wa utamu bila kuuruhusu umalizike. Aidha, kuna undugu wa kimaumbile kati ya vitu hivi viwili: peremende ngumu, yaani sukari iliyochemshwa na kupozwa haraka kabla haijaunda fuwele, ni kioo kwa maana ya kifizikia. Zote mbili huvutwa, hukunjwa na kutiwa mistari zikiwa bado za moto, na zote mbili huwa ngumu na zenye kuvunjika zikipoa. Fundi wa kioo aliyeiga peremende alikuwa akiiga kitu kinachofuata kanuni zilezile za moto alizozijua.

3.0 Lauscha: Hekaya na Daftari

Kijiji cha Lauscha kimo katika milima yenye misitu ya Thüringen. Mwaka 1597 mafundi wawili, Hans Greiner na Christoph Müller, walipata kibali cha kujenga tanuri la kioo mahali hapo. Misitu ilitoa kuni za tanuri na majivu yaliyohitajika katika kuyeyusha mchanga. Ardhi haikufaa kwa kilimo kikubwa, hivyo kioo kikawa riziki ya kijiji kizima. Katikati ya karne ya 18 mafundi walianza kufanya kazi mbele ya taa: badala ya kukusanyika kwenye tanuri, mtu aliweza kukaa nyumbani, akapasha mrija wa kioo kwenye mwali wa taa na kuupuliza. Mbinu hiyo ilizalisha shanga na vitu vidogo vya kuchezea. Mwaka 1835 Ludwig Müller-Uri alitengeneza hapohapo macho ya bandia ya kioo kwa ajili ya binadamu. Kwa hiyo, ustadi wa kuiga umbo hai kwa kioo ulikuwepo kabla ya pambo la Krismasi kujulikana.

Kuhusu asili ya pambo lenyewe, hekaya mashuhuri husema kwamba mwaka 1847 fundi mmoja maskini hakuwa na uwezo wa kununua matofaa na kokwa za kupamba mti wa familia yake, hivyo akazipuliza kwa kioo. Maandishi ya wasomaji wa kawaida humtaja fundi huyo kuwa ni Hans Greiner mwingine, mzao wa mwasisi wa tanuri. Hekaya hii inavutia kwa sababu inaligeuza pambo kuwa tendo la upendo wa mzazi, na umaskini kuwa chemchemi ya uzuri.

Ushahidi wa maandishi unasema jambo tofauti kidogo. Daftari la maagizo la fundi mmoja wa Lauscha, la mwaka 1848, lina agizo la dazeni 6 za mipira ya Krismasi ya ukubwa mbalimbali. Hii ndiyo kumbukumbu ya mapema inayojulikana ya mapambo hayo. Maneno machache ya daftari hilo yana uzito mkubwa kwa mwanahistoria. Mtu anayetengeneza mapambo kwa ajili ya watoto wake hahesabu kwa dazeni, wala hapangi ukubwa kwa matakwa ya mnunuzi. Kufikia mwaka 1848, basi, pambo lilikuwa tayari bidhaa yenye mteja. Iwapo hekaya ina chembe ya ukweli, kipindi ambacho pambo lilikuwa zawadi ya baba kwa wanawe hakikuzidi majira machache. Kwa istilahi za Kopytoff, wasifu wa kitu hiki unaanza sokoni, na hadithi ya nyumbani imewekwa mbele yake kama dibaji.

4.0 Pumzi, Fedha na Brashi

Uvumbuzi mbili za karne ya 19 ziliyapa mapambo sura tunayoijua. Katika miaka ya 1850 mwanakemia Justus von Liebig alibuni njia ya kutanda fedha juu ya kioo kwa kutumia myeyuko wa naitreti ya fedha. Njia hiyo hatimaye ilichukua nafasi ya madini mazito, kama vile risasi, yaliyokuwa yakimiminwa ndani ya mapambo ili yang'ae. Mwaka 1867 Lauscha ilipata kiwanda cha gesi. Mwali wa gesi ni mkali na unadhibitika kuliko mwali wa taa ya mafuta, hivyo mafundi wakaweza kupuliza maumbo makubwa zaidi yenye kuta nyembamba sana.

Utengenezaji wa pambo lenye umbo la tunda au peremende hupitia hatua kadhaa. Fundi hupasha sehemu ya mrija wa kioo huku akiuzungusha bila kukoma, kwani ukitulia hujipinda. Kioo kikishalainika, hukiweka ndani ya kalibu yenye nusu mbili na kupuliza kwa nguvu iliyopimwa: pumzi ikipungua, mikunjo ya karatasi ya peremende haitatokea, ikizidi, ukuta utapasuka. Sehemu ya mrija huachwa kama mkia wa kushikia. Baada ya kupoa, myeyuko wa fedha humiminwa ndani na pambo hutikiswa ndani ya maji ya moto hadi ukuta wote ung'ae kama kioo cha kujitazamia. Kisha pambo huchovywa katika rangi ya msingi, hukaushwa, na kuchorwa kwa brashi mstari baada ya mstari. Mwishoni mkia hukatwa na kifuniko cha chuma chenye kitanzi hutiwa.

Hatua hizi ziligawanywa ndani ya familia. Mwanamume alikaa mbele ya mwali. Mwanamke alitia fedha na kupaka rangi. Watoto walisaidia kupaka, kukata mikia, kutia vifuniko na kupanga katika maboksi. Chumba cha kazi mara nyingi kilikuwa ndicho chumba cha kuishi. Kabla ya reli kufika Lauscha mwaka 1886, wanawake walibeba bidhaa mgongoni katika makapu makubwa na kushuka milima kwa miguu hadi Sonneberg, ambako wafanyabiashara wa kati waliwalipa kwa dazeni. Wafanyabiashara hao ndio waliojua bei ya mwisho, wakapanga maumbo yaliyotakiwa, na kukataa yaliyokuwa na dosari. Hasara ya kila kilichovunjika njiani ilibaki kwa familia.

Kwa mtafiti anayesoma historia ya pwani ya Afrika Mashariki, mfumo huu si mgeni kabisa. Kaskazini mwa Bohemia, katika eneo la Gablonz, kaya zilizofanya kazi kwa utaratibu unaofanana na huo zilitengeneza shanga za kioo, na sehemu ya shanga hizo iliuzwa katika masoko ya Afrika. Prestholdt (2008) amedhihirisha kwamba matakwa ya wanunuzi wa Afrika Mashariki yalikuwa na nguvu ya kuamua kilichozalishwa katika viwanda vya mbali. Funzo la kimbinu ni kwamba kitu kidogo cha kioo hakielezeki kwa kumtazama mnunuzi peke yake wala mtengenezaji peke yake. Ni lazima uzi unaowaunganisha ufuatwe.

5.0 Soko la Marekani na Kadi za Berlin

Uzi wa Lauscha uliishia Marekani. Frank W. Woolworth, aliyekuwa na duka la bidhaa za bei nafuu huko Lancaster, Pennsylvania, alisimulia kwamba mwaka 1880 alishawishiwa na mwagizaji mmoja kununua mapambo ya kioo ya takriban dola 25. Hakuyaamini, kwa kuwa aliyaona ni vitu vya kuvunjika visivyo na matumizi, lakini yaliisha kwa siku chache. Mwaka 1890 alisafiri mwenyewe hadi Ujerumani kutafuta bidhaa, na katika barua zake alieleza umaskini wa watu waliotengeneza mapambo hayo. Aliuona umaskini huo, akaendelea kuagiza. Hapana unafiki wa pekee katika jambo hilo, kwa sababu bei nafuu iliyovutia wateja wake ilitokana moja kwa moja na hali aliyoieleza.

Nchini Ujerumani hali hiyo ilizua mjadala wa kisiasa. Sheria ya ulinzi wa watoto ya mwaka 1903 iligusa kwa mara ya kwanza kazi za watoto majumbani, lakini iliwawekea wazazi wanaowatumia watoto wao wenyewe masharti mepesi kuliko waajiri wa watoto wa wengine. Kwa viwanda vya nyumbani, tofauti hiyo ilikuwa mlango uliobaki wazi. Mwaka 1906 wanaharakati na vyama vya wafanyakazi waliandaa jijini Berlin maonyesho ya kazi za majumbani. Bidhaa kutoka sehemu mbalimbali za nchi zilipangwa mezani zikiwa na kadi zilizotaja saa zilizotumika kuzitengeneza na ujira uliolipwa. Mtazamaji hakuweza kuusifia uzuri wa kitu bila kusoma gharama yake kwa aliyekitengeneza.

Tukio la Berlin ni muhimu kwa hoja ya insha hii kwa sababu linaonyesha kwamba usahaulifu haukuwa wa lazima. Kulikuwa na wakati ambapo jamii ilijaribu kukifunga kitu na kazi yake pamoja kwa kadi moja.

6.0 Vita, Mashine na Mpaka

Karne ya 20 iliukata uzi huo mara kadhaa. Max Eckardt, mzaliwa wa eneo la Sonneberg aliyefanya biashara Marekani, alikuwa akiagiza mapambo kutoka Ujerumani tangu takriban mwaka 1907. Alipoona dalili za vita vipya, alianzisha mwaka 1937 chapa ya Shiny Brite na kushirikiana na kampuni ya Corning, iliyokuwa na mashine ya kutengeneza balbu za taa kutoka utepe wa kioo kilichoyeyuka. Kufikia mwaka 1940 Corning ilizalisha takriban mipira 300,000 kwa siku, ambayo ilipelekwa kwa Eckardt ili ipambwe. Wakati wa vita fedha na chuma vilipokuwa haba, mipira ilibaki bila kutiwa fedha, ikachorwa mistari myembamba ya rangi, na vifuniko vya chuma vikabadilishwa kwa vile vya karatasi ngumu.

Mashine ilifaa zaidi kwa maumbo sahili ya mviringo. Maumbo yenye mikunjo na mapambo mengi, kama keki na peremende zenye karatasi, yaliendelea kuhitaji kalibu, pumzi na brashi. Kwa njia hiyo mashine, bila kukusudia, iliyatenga mapambo ya maumbo kuwa alama ya kazi ya mkono na ya zamani.

Baada ya mwaka 1945 Lauscha iliangukia katika eneo lililotawaliwa na Wasovieti, na baadaye katika Ujerumani Mashariki, ambako sehemu kubwa ya uzalishaji iliingizwa katika kiwanda cha umma. Baadhi ya mafundi walivuka kwenda magharibi na kuanza upya Neustadt bei Coburg, mji ulio karibu lakini upande wa pili wa mpaka. Familia zenye ukoo mmoja na ustadi mmoja zikawa zinatengeneza maumbo yanayofanana chini ya mifumo miwili hasimu, hadi muungano wa mwaka 1990.

7.0 Hamu ya Yaliyopita kama Bidhaa

Simulizi ya pili ya ukosefu ilizaliwa Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mti wa familia ya Christopher Radko ulianguka na kuvunja mapambo zaidi ya 1,000 yaliyokusanywa kwa vizazi. Alipotafuta mbadala hakuridhika na yaliyokuwa madukani, akasafiri hadi Poland, akapata fundi wa kuyatengeneza upya, na kutokana na safari hiyo ikazaliwa kampuni. Tukiiweka simulizi hii kando ya hekaya ya mwaka 1847, muundo wao unafanana: panatokea upungufu wakati wa Krismasi, kioo kinauziba, na biashara inachipuka. Kinachotofautiana ni kilichopungua. Fundi wa Lauscha alikosa matofaa. Familia ya Marekani haikukosa chakula, ilikosa ushahidi wa maisha yake ya nyuma.

Hapa ndipo peremende ya kioo inapopata maana yake ya sasa. Mnunuzi anayechagua pambo lenye umbo la pipi ya utotoni hatamani sukari, kwani sukari imejaa kila mahali na huenda daktari amemkataza. Anatamani umri ambao pipi moja ilitosha kumfurahisha. Kwa vigezo vya Boym, pambo hilo linaweza kubeba hamu za namna zote mbili. Matangazo ya biashara hulielekeza kwenye ile ya kwanza: utoto unaweza kununuliwa, kufungwa katika boksi na kutolewa kila Desemba ukiwa haujabadilika. Hata hivyo, wepesi wake wa kuvunjika huliegemeza upande wa pili. Kila anayelitundika hushika kwa vidole kitu anachojua kinaweza kumponyoka.

Tatizo la kihistoria ni kwamba utoto unaokumbukwa ni wa upande mmoja. Pambo linahifadhi utoto wa mtoto aliyekula peremende. Utoto wa mtoto aliyezitia vifuniko peremende za kioo, usiku, katika chumba chenye joto la gesi na harufu ya rangi, haumo katika umbo lake, ingawa mikono yake ndiyo iliyolikamilisha.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba mapambo ya kioo yenye maumbo ya vitamutamu hayakuibuka kwa ajali ya umaskini wa fundi mmoja. Yalitokana na kukutana kwa mambo manne: desturi ya zamani ya mti unaoliwa, kushuka kwa bei ya sukari, ustadi wa kijiji kilichokosa njia nyingine ya kuishi, na soko la ng'ambo lililopenda bei nafuu. Imeonyesha pia kwamba simulizi za asili yake, ya mwaka 1847 na ya miaka ya 1980, ni sehemu ya biashara yenyewe na zinapaswa kusomwa kama vyanzo kuhusu wakati zinaposimuliwa, zaidi ya wakati zinaousimulia.

Mwaka 2021 utengenezaji wa mapambo ya kioo cha kupuliza wa Lauscha uliingizwa katika orodha ya taifa ya urithi usioshikika ya Ujerumani. Uamuzi huo unastahili kupongezwa, kwa kuwa unauhamisha uzito kutoka kwenye kitu hadi kwenye ustadi wa watu. Hata hivyo, urithi wa ustadi ni pamoja na masharti ambayo ustadi huo ulifanyiwa. Utafiti unaopendekezwa hapa ni wa kuzisoma pamoja nyaraka ambazo kwa kawaida husomwa mbalimbali: madaftari ya maagizo, barua za wanunuzi, kumbukumbu za sheria za kazi za watoto, na kadi za maonyesho ya Berlin. Makumbusho na wakusanyaji wanaoyapanga mapambo haya rafuni tayari huandika mwaka, mahali na jina la umbo. Kuongeza saa za kazi na ujira, pale nyaraka zinaporuhusu, hakutapunguza uzuri wa peremende ya kioo. Kutamwezesha mtazamaji kujua ni tamu kwa nani, na ilimgharimu nani.